Anayesukwa Ndiye Anayesoma

Machi 4, Jumanne

Mvua ya kwanza leo, na mtoto wangu wa kumzaa amenitia kidonda bila hata kuacha kutafuna. Alirudi shule kalowa chepechepe, akakaa kula, akaniambia kwamba mwisho wa muhula kutakuwa na Siku ya Wasomaji. Kila mwanafunzi aje na mtu mmoja wa nyumbani kwao anayesoma vitabu, na huyo mtu asimame mbele ya darasa aeleze kitabu alichosoma. Nikamuuliza atakwenda na nani. Akasema atamwomba shangazi yake, yule wa benki. Nikamuuliza, na mimi je?

"Mama, wewe unasuka," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Huyu mtoto tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haulali, na akisema jambo lishatoka. Lakini nimeshinda nalo moyoni tangu saa ile. Ni kweli nasuka. Nasuka tangu asubuhi mpaka taa ziwashwe, na hakuna kichwa kilichopita mikononi mwangu kikaenda kutafuta msusi mwingine. Ila shuleni nilikuwa msomaji wa kuogopwa. Tangu nimalize nimeanza vitabu vingi na sijamaliza hata kimoja. Kimoja kilitumbukia kwenye beseni la kuoshea nywele, kingine mdogo wake Chiriku alikichana akatengeneza ndege, na hivyo vingine sina hata kisingizio.

Kesho nanunua kitabu, tena kinene. Nitakimaliza kabla muhula haujaisha, na Chiriku mwenyewe ndiye atakayenifuata.

Machi 5

Nimenunua kwa muuza vitabu vya mitumba. Kinene kama tofali. Jalada limeng'oka, kwa hiyo hatujui kinaitwaje wala nani kakiandika, lakini kurasa zipo zote. Nimezikagua mpaka muuzaji akanuna. Ni habari za mjane na binti zake watatu wanaoendesha mashine ya kusaga unga baada ya baba kufa, huku shemeji zake mjane wakiimezea mate mashine hiyo. Nimesoma ukurasa mmoja nikiwa nimejibanza barazani kwa watu, nikisubiri mvua ipungue.

Machi 7

Sijasoma. Mdogo wake Chiriku ana homa.

Machi 8

Sijasoma. Jumamosi, vichwa vimejaa.

Machi 10

Kurasa mbili, chooni. Ndicho chumba pekee chenye komeo nyumbani kwangu. Mume wangu aligonga akauliza kama tumbo linaniuma, na nilipotoka na kitabu akanitazama kama nimetoka na kuku.

Machi 12, Jumatano

Leo nimegundua jambo, na sitaona haya kujisifu.

Muuza mkaa alikuja kusuka rasta ndogondogo, zile za kukaa kitini tangu asubuhi hadi alasiri. Simu yake ikazima chaji, mvua nje inamwagika, akaanza kulalamika kwamba atakufa kwa uchovu wa kukaa. Mimi mikono iko kichwani kwake, macho yako kwenye kitabu kilichokaa juu ya rafu bila msomaji. Nikakichukua nikamwekea mapajani, nikamwambia asome kwa sauti. Akakataa, akasema yeye na kusoma waliachana zamani. Nikamwambia basi sisuki. Tukacheka, lakini akafungua.

Anasoma kwa kidole, neno kwa neno, anavuta pumzi kwenye kila nukta. Mwanzo nilitamani kumnyang'anya. Baadaye nikaona ule mwendo wake unafaa, maana mjane wa kitabuni naye ni mtu wa kusema polepole. Mwenzangu ninayefanya naye kazi, ambaye redio yake huwa haizimwi mpaka tufunge, alinyanyuka mwenyewe akaizima. Muuza mkaa alisoma sura tatu. Alipomaliza alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, akasema nywele nzuri, sauti nayo si haba.

Miaka yote hii nimekuwa nikilia sina muda wa kusoma, kumbe muda ulikuwa umekaa kwenye kiti mbele yangu.

Machi 15, Jumamosi

Imekuwa sheria ya saluni. Anayesukwa ndiye anayesoma. Asiyetaka kusoma anasikiliza aliyeko kiti cha pili. Mwenzangu ndiye mkali zaidi kwenye utekelezaji, yeye aliyekuwa mtumwa wa redio.

Machi 22

Vurugu tupu, vurugu ya kupendeza. Kila mteja anajua sura zake tu. Muuza mkaa anajua mjane alivyokataa kuuza mashine, hajui kama binti mkubwa amekwisha kuolewa. Mama Mapacha anayeuza viatu yeye anajua ya ndoa, hajui mashine ilikwamaje. Naambiwa wanakutana sokoni wanasimuliana, na kila mmoja anatia chumvi yake. Leo Mama Mapacha amekuja kafumua nywele ambazo hazijamaliza wiki mbili, ati zinamuwasha. Nikamwambia zinazokuwasha ni habari za watu. Akakaa akafungua kitabu bila kuambiwa.

Chiriku alipita kuchukua ufunguo. Alisimama mlangoni akasikiliza kidogo, akaondoka. Ngoja aone.

Machi 27

Mvua. Mume wangu ni fundi bomba, na siku hizi kila nyumba inavuja, simwoni mpaka usiku. Nimesoma nusu ukurasa nikisubiri wali ukauke. Wali umeungua.

Aprili 5, Jumamosi

Naandika haya sijui kwa hasira au kwa aibu.

Wifi yangu, huyo shangazi wa benki, alikuja asubuhi. Jumatatu ana usaili wa kupandishwa cheo, anataka mistari ya kwenda nyuma, safi, ya heshima. Wifi hanipendi wala hanichukii. Yeye ni mtu wa kuingia mahali akapangusa kiti kabla ya kukaa. Nikamweleza sheria ya saluni. Akatazama kile kitabu kisicho na jalada kama mtu aliyeletewa chai yenye nywele, lakini wateja wenzake walikuwa wanamtazama, akakichukua.

Nitasema haki yake: wifi anasoma. Tangu tuanze hatujapata sauti kama ile. Hakwami, na watu wakibishana kitabuni anawatenganisha kwa sauti, huyu mnene huyu mwembamba. Saluni nzima ilinyamaza. Upande wa kulia nilisuka akisoma sura ya mavuno, shwari kabisa. Halafu tukahamia upande wa kushoto, na kitabuni ikaingia sura ya moto.

Mtu amechoma mashine. Hatumjui. Mjane anatoka nje anaona anga nyekundu, binti mdogo hayumo kitandani, na wifi anasoma mbio huku pumzi zinamwishia. Mimi nasuka. Roho iko juu, na vidole vinakwenda na roho. Hakuna aliyeona kitu, si mimi, si mwenzangu, wala si wifi mwenyewe, maana naye alikuwa ndani ya ule moshi akimtafuta mtoto. Mtoto akapatikana, sura ikaisha, sote tukashusha pumzi. Wifi akanyanyua macho kwenye kioo.

Kulia: mistari minene, imelala vizuri. Kushoto: mistari myembamba kama uzi, imekazwa mpaka nyusi imepanda na jicho limebaki wazi. Uso mmoja wenye watu wawili.

Nimesuka tangu nikiwa msichana na sijawahi kumtoa mtu kitini namna ile. Nilimwomba nifumue upande ule nirudie. Akasema ana miadi, hana saa nyingine za kukaa, akajifunga kilemba akaondoka bila kuaga.

Aprili 6, Jumapili

Wifi amempigia simu kaka yake. Hakulala, kichwa kinampasuka, ngozi imetoa vipele, amefumua nusu ya kichwa mwenyewe na kesho ataingia kwenye usaili na kilemba. Mume wangu alisikiliza yote, akanigeukia. Si mtu wa makelele. Alisema watu wananikabidhi vichwa vyao kwa kuniamini, na kitabu kimenifanya nichezee imani hiyo. Nikamwambia sikuchezea. Akasema basi kazi iwe kazi, na vitabu vibaki nyumbani.

Kilichonimaliza hakikuwa hicho. Chiriku alikuwa anakunja nguo, akasema bila kunitazama:

"Shangazi amekubali kuja shuleni. Na amesema kusomewa si kusoma."

Nimekwenda chooni nikafunga komeo, bila kitabu. Nimelia. Nililia kwa sababu niliogopa kwamba ni kweli.

Aprili 7

Redio imerudi saluni. Sina la kuandika.

Aprili 10

Mvua tangu alfajiri. Muuza mkaa alikuja si kusuka, alikuja kuuliza kama binti mdogo aliungua. Nikamwambia hakuungua. Akashukuru, akaondoka na mkaa wake chini ya mwavuli.

Aprili 13, Jumapili

Nimewaza wiki nzima na nimekata shauri. Kama kusomewa si kusoma, sawa, sitabishana na watu wa benki. Nitakisoma chote kwa macho yangu, kuanzia ukurasa wa kwanza, hata zile sura nilizozisikia. Asije mtu akaniambia nimeazima macho.

Muda nitautoa hapa na pale. Wakati maji yanachemka. Kwenye foleni ya zahanati. Asubuhi nikifika saluni kabla mwenzangu hajaja na funguo za kabati. Chooni, na anayebanwa agonge. Simu nimeihamishia chumbani kwa watoto, maana nimegundua ndiyo iliyokuwa ikila zile robo saa ninazodai sina.

Aprili 16

Kurasa nyingi leo. Umeme ulikatika saluni, tukakaa mlangoni kwenye mwanga.

Aprili 22, Jumanne

Nimeona jambo la ajabu. Nikizisoma upya zile sura za mwanzo, nasikia muuza mkaa. Kila nukta naye huyo, anavuta pumzi. Kwenye sura za ndoa yuko Mama Mapacha, anacheka kabla mzaha haujafika. Nilidhani ningekuta kitabu kingine, kitabu cha kweli ambacho nilikuwa nimenyimwa. Nimekuta kilekile, ila sasa kina watu wengi ndani. Midomo yangu inacheza nikisoma, mume wangu kaniambia. Iache icheze.

Kwa hiyo wifi alinidanganya. Nilisoma kwa masikio, na sasa nasoma kwa macho, na vyote ni vyangu.

Aprili 24

Mama Mapacha amegoma. Kakaa kitini akasema hasukwi bila kitabu, na kama tunataka redio tuisuke hiyo redio. Mwenzangu akanitazama. Nikatoa kitabu mkobani.

Lakini sasa kuna utaratibu, na nimeutunga mimi. Mambo yakianza kuchacha kitabuni nasema, "Tua." Msomaji anatua. Namaliza mstari, napapasa kwa kidole kama umelingana na mwenzake, ndipo nasema endelea. Wanalalamika kwamba nawanyima pumzi. Nikawaambia bora mkose pumzi kuliko mkose ngozi ya kichwa. Jioni nilimweleza mume wangu, akafikiri, akasema hata yeye hufunga maji kabla ya kukata bomba. Nimelichukulia hilo kuwa ruhusa.

Mei 2

Nimefika sura ya moto kwa macho yangu. Niliisoma jikoni, nimesimama. Sauti ya wifi ilikuwemo tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na lazima niseme hakuna ambaye angeisoma vizuri kuliko yeye.

Mei 9, Ijumaa

Wifi amekuja. Sikumtarajia. Cheo hajapata na wala hajanyimwa, wote waliosailiwa wameambiwa wasubiri. Alipangusa kiti, akakaa, akasema mistari ileile, pande zote mbili. Nikasuka kimya. Mvua nayo ilikuwa ya taratibu leo, ya kuchoka. Kitabu kilikuwa juu ya rafu na sikumpa.

Tulipofika kisogoni akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, nani aliichoma ile mashine.

Nikamwambia sijafika. Ni kweli, zilibaki sura mbili. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Tangu atoke chuoni hajamaliza kitabu. Mchana kutwa anasoma makaratasi ya watu, akifika nyumbani macho hayataki herufi. Siku ile ya moto ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi kusahau kwamba anasoma. Maneno aliyomwambia Chiriku aliyasema kichwa kikimgonga.

Nilimwonea huruma, mimi niliyekuwa nimemwekea kinyongo tangu Aprili. Nimeishi nikidhani wifi ana kabati zima la vitabu nyuma ya ule mlango wake wa kufuli tatu. Kumbe alikuwa na njaa kama mimi, ila yake imevaa viatu vya visigino.

Akasema kama nataka atamwambia Chiriku amepata dharura, niende mimi. Nilikataa. Sitaki kupewa nafasi kwa mwanangu na mtu aliyejitoa. Chiriku ana macho, na nyumba yetu ni ndogo. Kama hajaniona nikisoma muhula mzima, basi hata nikienda nitakuwa nimekwenda bure. Wifi akasema nina kiburi. Nikamwambia ndiyo.

Mei 13

Sura moja imebaki. Mdogo wake Chiriku kaficha kiatu, tumetafuta asubuhi nzima.

Mei 15, Alhamisi

NIMEMALIZA.

Nilimaliza saluni, asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, nimekaa kwenye kiti cha wateja. Nimejua nani kachoma mashine. Nilipiga kelele mpaka mwenzangu akaja mbio na taulo akidhani nimeungua. Nilifunga kitabu nikakiweka mapajani, nikakaa nacho. Mimi hapa, nimemaliza kitabu kizima, ndani ya mvua, ndani ya kazi, na watoto wawili na wali ulioungua. Hakuna atakayenivua hilo.

Kesho ndiyo Siku ya Wasomaji. Chiriku hajasema kitu, na mimi sikuuliza, ingawa nimejiuma ulimi mara ngapi sijui. Alikula, akaosha vyombo, akaenda kulala. Mlangoni akageuka.

"Mama, kesho uvae lile gauni la kijani. Nimeshamwambia shangazi akae nyuma."

Nikasema sawa, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha nikaenda kulipiga pasi gauni la kijani, nikalipiga tena.

Mei 16, Ijumaa

Naandika nikiwa bado na gauni mwilini.

Darasa lilijaa. Baba mmoja alieleza kitabu cha kilimo, bibi mmoja alieleza cha dini, kijana wa chuo alieleza kitabu ambacho nadhani hata yeye hakukielewa. Wifi alikuwa nyuma kabisa, kapangusa benchi. Chiriku akasimama, akasema, "Huyu ni mama yangu. Ni msusi na ni msomaji." Akakaa. Nilisikia masikio yangu yakipata moto.

Nikawaeleza. Sikuficha kitu. Niliwaambia kitabu hakina jalada, kwamba nusu nilisomewa na wateja wangu na kwamba baadaye niliirudia kwa macho yangu. Niliwaeleza mjane na mabinti, mashemeji, ile ndoa, ule moto. Mzazi mmoja akauliza muda naupata wapi, nikamtajia chooni, darasa likaangua kicheko, mwalimu akaficha uso kwa daftari. Kisha nikaona wamenogewa. Watoto wameegemeza videvu mezani. Wifi kanyoosha shingo. Maneno yalikuwa yananitoka mazuri, nami nilikuwa nayaona yakitoka. Miezi hii yote nilikuwa nikiisubiri dakika ile, na nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu.

"Sasa basi," nikasema, "aliyeichoma ile mashine ni..."

"Mama, usiseme!"

Ni Chiriku. Kasimama, mikono miwili hewani. Mwalimu akamuuliza kulikoni. Akatazama chini, akaanza kuchezea kifungo, mtoto ambaye sijapata kumwona akikosa neno.

"Mimi sijafika huko," akasema. "Huwa nakisoma mama akiwa anaoga. Bado niko kwenye harusi ya dada mkubwa."

Mwalimu akanitazama mimi. Darasa zima likanitazama mimi. Nikafunga mdomo, nikakaa. Nyuma kabisa nilimsikia wifi akinung'unika kwamba na yeye je, lakini sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka gauni lilowe.

Tumerudi nyumbani kwa miguu, jua lipo. Chiriku alitangulia. Nimekaa jikoni na ninamwona kupitia mlango, kitabu kiko magotini kwake, midomo inacheza. Nimeweka maji ya kuoga motoni. Nitaoga taratibu sana.